Kielekezi Kisicheze: Hatua za Kukishika Imara Unapoweka Vipandikizi vya Meno

"Kielekezi kilikaa vizuri kwenye modeli, mbona mdomoni kinacheza?" "Nikibonyeza nyuma, mbele kinainuka. Niendelee?" "Mgonjwa hana jino hata moja, pini ngapi zinatosha?" Karibu kila daktari wa meno anayeanza kuweka vipandikizi kwa kielekezi, yaani kifuniko cha resini kilichochapishwa kwa printa ya 3D kinachokaa mdomoni na kuongoza drili, huuliza maswali haya. Majibu yako hapa chini, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kwenye kompyuta hadi kipandikizi cha mwisho kukaa mfupani.

Mwongozo huu ni wa daktari anayejua kuweka kipandikizi bila kielekezi. Kama bado, anzia huko, kwa sababu siku kielekezi kikipasuka katikati ya kazi utamalizia kwa mkono na macho yako.

Nadharia ni moja tu. Kielekezi kikiinama nyuzi 3, ncha ya drili iliyo mm 20 chini ya bushi (pete iliyo kwenye kielekezi ambamo drili hupita) huhama takriban mm 1. Hiyo mm 1 ndiyo tofauti kati ya kukaa salama juu ya neva na kuigusa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikuta wastani wa kukosea wa mm 1.2 pale drili inapoingilia, mm 1.4 kwenye ncha, na nyuzi 3.5 za mwelekeo. Na huo ni wastani, wengine walikosea zaidi. Kwa hiyo zile mm 2 unazoacha juu ya mfereji wa neva wa taya la chini, na mm 1.5 kati ya kipandikizi na jino la jirani, ziache vilevile. Kielekezi hakikupi ruhusa ya kuzipunguza.

Kabla ya kuanza, hakikisha una:

- Picha ya CBCT (eksirei ya 3D inayoonyesha mfupa) na skani ya mdomo (faili la STL), zote za karibuni.
- Kielekezi kilichochapishwa kwa resini iliyoidhinishwa kwa upasuaji, si resini ya modeli.
- Modeli ya meno ya mgonjwa iliyochapishwa kutoka skani ileile.
- Seti kamili ya drili za mfumo wako wa kipandikizi, pamoja na vishikio vyake vya kupunguza kipenyo cha bushi.
- Pini za kushikilia (kipenyo ni kati ya mm 1.3 na 2, kutegemea mfumo) na drili yake. Weka pini moja ya akiba.
- Silikoni ngumu ya kuchukulia mng'ato na silikoni laini ya kukagulia mgusano.
- Sondi yenye ncha kali, salaini iliyopoozwa kwenye friji, na kibakuli cha klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu).
- Bea ya akriliki (kichwa kidogo cha kusagia resini) kwa marekebisho madogo.
- Kielekezi cha pili, kama uwezo upo. Gharama ya resini ni ndogo ukilinganisha na kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Kielekezi chako kinakaa juu ya nini?

Kuna kinachokaa juu ya meno, kinachokaa juu ya fizi, na kinachokaa juu ya mfupa uliofunuliwa. Cha meno ndicho kinachotulia zaidi. Cha fizi hutulia kikipigwa pini, kwani fizi hubonyea kama godoro. Cha mfupa kinasumbua kuliko vyote. Lazima ufungue fizi eneo kubwa, na umbo la mfupa linalosomwa kwenye CBCT halilingani kikamilifu na mfupa unaoukuta. Anayeanza akiepuke.

Hatua ya 1: Chagua meno ya kubeba mzigo

Kielekezi kinahitaji miguu mitatu, kama kigoda. Kwa pengo la jino moja, kipe angalau meno mawili imara kila upande wa pengo. Meno matatu ni bora. Kama mapengo ni mengi, kivushe hadi upande wa pili wa taya ili kisizunguke.

Usitegemee jino linalotikisika, krauni ya muda, wala jino litakalong'olewa siku hiyohiyo kabla ya kutumia kielekezi. Ajabu ni kwamba kosa hili la mwisho hutokea mara nyingi: mchoraji wa maabara anaona jino kwenye skani, analitumia, hakuambiwa kwamba linatoka. Mwandikie wazi kwenye oda.

Kesi inayosumbua kuliko nyingine ni pengo lisilo na jino nyuma yake, tuseme 46 na 47 (gego la kwanza na la pili, chini kulia) zote hazipo. Hapo kielekezi kina meno mbele tu, na sehemu ya nyuma inaning'inia kama ubao wa kurukia majini. Drili ikisukuma chini, nyuma kunazama na mbele kunainuka. Mambo matatu husaidia. Kwanza, kirefushe mbele hadi uvuke mstari wa kati na kushika chonge au gego dogo la upande wa pili. Pili, kilaze nyuma juu ya fizi ya eneo ambalo halitachimbwa. Tatu, weka pini moja upande wa shavu, nyuma kadiri mfupa na neva zinavyoruhusu. Ukiacha moja kati ya haya, lisiwe la tatu.

Hatua ya 2: Skani ya karibuni

Jino likizibwa, likivishwa krauni au likisafishwa ugaga mwingi baada ya skani, kielekezi hakitakaa. Meno jirani na pengo nayo husogea. Kama wiki kadhaa zimepita, skani upya na ulinganishe kabla ya kuchapisha. Kwenye skani yenyewe, meno yote yatakayobeba kielekezi lazima yaonekane hadi ukingo wa fizi bila matundu. Programu huziba matundu kwa kubahatisha, nawe utakuta uvimbe wa resini pasipo na jino.

Unganisha CBCT na STL kwa kutumia alama zilizotawanyika, si tatu zilizorundikana mbele. Krauni za metali huchafua picha, basi tafuta alama kwenye meno asilia. Kwa mgonjwa asiye na meno, skani mbili za CBCT zinahitajika: moja mgonjwa akiwa amevaa meno bandia yenye alama 6 hadi 8 za gutapacha (mpira wa kuzibia mizizi, unaoonekana kwenye eksirei), nyingine ya meno bandia peke yake. Meno bandia yasiyokaa vizuri yatazaa kielekezi kisichokaa vizuri, kwa hiyo yawekewe tabaka jipya kwanza.

Hatua ya 3: Vipimo vya mchoro

Unene wa kielekezi uwe mm 2.5 hadi 3. Chini ya hapo kinapinda chini ya kidole, na kupinda huko hukuoni kwa macho. Mwanya kati ya resini na meno uwe mm 0.05 hadi 0.15, kutegemea printa. Mwanya ukibana mno, kielekezi kinakwama juu na wewe unadhani kimekaa. Ukiwa mpana mno, kinacheza.

Kwenye mchoro, ziba sehemu za meno zilizobonyea chini ya mstari wa unene mkubwa wa jino. Kinachokiketisha kielekezi ni sehemu za kusagia na kuta za juu za meno. Kukibana kwenye mabonde ya chini kunakifanya kiingie kwa mlio wa "tak" wa kuridhisha bila kufika chini.

Madirisha ya kukagulia ndiyo macho yako. Toboa angalau matatu, yaliyo mbali na mwenzake, kwenye ncha za magego au makali ya meno ya mbele, makubwa ya kutosha ncha ya sondi kuingia. Usiyapange karibu na bushi, maana resini hapo inahitaji nguvu zake zote.

Pini za taya lisilo na meno ziwe angalau 3: moja mbele, moja kila upande. Nne ni bora taya la juu ambako mfupa ni laini. Zielekeze pande tofauti. Pini sambamba zinaruhusu kielekezi kuteleza nje kwenye mstari wake kama droo. Kila pini iukute mfupa mgumu, mbali na mizizi, mbali na tundu la neva ya kidevu, na isikatize njia ya kipandikizi.

Hatua ya 4: Kikague kikitoka kwenye printa

Vijiti vya kushikilia uchapishaji visiwe upande wa ndani unaogusa meno. Kikioshwa kwa alkoholi, kikauke kabisa kabla ya kuwekwa kwenye taa ya kugandishia resini, kwani alkoholi iliyobaki huacha resini laini. Kisha kiweke kwenye modeli na ubonyeze kona moja baada ya nyingine.

Bushi ya metali ikilegea ndani ya resini, kazi yote haina maana. Mafundi wa magari wanalijua hili: bushi ikilika, hata usukani mpya hausaidii. Ijaribu kwa kuingiza kishikio na kukitikisa. Ikicheza, itoe, safisha, ibandike kwa resini ya mwanga au simenti ya resini, hakikisha imefika kwenye kituo chake, na futa kilichomwagikia ndani kabla hakijakauka.

Tofautisha pia mambo mawili yanayochanganywa kila siku: kielekezi kinachocheza juu ya meno, na drili inayocheza ndani ya bushi. La pili lipo kidogo katika kila mfumo, vinginevyo drili isingezunguka. Likizidi, bushi au kishikio kimelika, na hakuna pini itakayolitibu.

Hatua ya 5: Takasa bila kukipinda

Fuata karatasi ya resini yako kuhusu otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke). Resini nyingi za upasuaji zinavumilia nyuzi joto 121 au 134 kwa muda uliotajwa, nyingine hazivumilii kabisa. Kisibanwe na vyombo vizito ndani ya mfuko. Kikitoka, kiache kipoe, kisha kirudishe kwenye modeli iliyo safi ndani ya mfuko usio na vijidudu na ukikague tena. Kama kinasafirishwa kutoka maabara ya mji mwingine kwa basi, omba kifungwe kikiwa juu ya modeli yake, ndani ya boksi gumu. Kisiachwe kwenye dashibodi ya gari juani.

Hatua ya 6: Kijaribu mdomoni kabla ya ganzi

Kiketishe kwa vidole viwili, pande zote mbili kwa pamoja. Kisha:

a) Angalia kila dirisha. Resini na jino zigusane bila mwanya, na sondi isipite.
b) Bonyeza nyuma kulia, utazame mbele kushoto. Rudia kwa mshazari mwingine. Kona yoyote ikiinuka, kielekezi hakijakaa.
c) Ingiza drili ndefu zaidi kwenye bushi ya nyuma kabisa huku mashine ikiwa imezimwa. Mgonjwa asipofungua mdomo wa kutosha, utainamisha drili bila kujijua na kukibeba kielekezi pamoja nayo.

Kipimo hiki cha (c) wengi hukiruka, halafu wanalaumu maabara. Upana wa mdomo upime tangu siku ya ushauri, usiusubirie siku ya upasuaji.

Hatua ya 7: Ganzi isiyovimbisha

Kwa kielekezi cha meno ganzi haina madhara makubwa. Kwa kielekezi cha fizi ni habari nyingine. Dawa ikidungwa chini ya mahali kinapokaa, fizi huvimba na kukiinua. Taya la chini, tumia ganzi ya neva kuu. Taya la juu, dunga juu kwenye kunjo la shavu, mbali na ukingo. Subiri dakika 10 au zaidi, kanda kidogo, kisha ketisha. Kama kaakaa au ukingo bado una maumivu, ongeza dawa kupitia bushi baada ya pini kukaza.

Hatua ya 8: Kiketishe na ukipigilie

Kwa taya lisilo na meno, mng'ato wa silikoni ni wa lazima. Utengenezwe kabla, kielekezi kikiwa kwenye artikuleta (kifaa kinachoshika modeli za taya zote mbili zikiwa zimeng'atana). Weka kielekezi, weka mng'ato, mwambie mgonjwa ang'ate kwa nguvu sawa na abaki ameng'ata kwa dakika chache ili fizi ibonyee. Akiwa bado ameng'ata, toboa tundu la pini ya mbele kwa salaini, ingiza pini. Kisha upande mmoja, kisha upande wa pili. Usikaze upande mmoja pini mbili mfululizo, maana unakivuta kielekezi huko. Mng'ato ukitoka, rudia kipimo cha kubonyeza kona.

Fizi ikikatwa duara kupitia bushi, ikate baada ya pini, si kabla. Kipande kitolewe kwa kijiko cha kukwangulia kupitia bushi hiyohiyo.

Unapofungua fizi ukitumia kielekezi cha meno, hatari ni ukingo wa fizi kunaswa chini ya resini. Uvute nje kwa uzi wa kushonea uliofungwa kwa muda, kisha tazama madirisha tena. Damu ikifunika dirisha, osha. Usikisie.

Hatua ya 9: Kuchimba

Msaidizi ashike kielekezi kwa vidole viwili, kulia na kushoto, juu ya meno yanayokibeba, akibonyeza moja kwa moja kwenda chini. Asibonyeze juu ya bushi wala sehemu inayoning'inia.

Ingiza drili ndani ya bushi kwanza, ndipo uwashe mashine. Ukiiwasha nje, itapiga ukingo wa bushi, na pigo moja linatosha kulegeza resini. Zima kabla ya kuitoa.

Chimba kwa kuingia na kutoka, bila kuegemea upande. Kielekezi kinazuia maji kufika kwenye ncha, na mfupa ukifikia nyuzi joto 47 kwa dakika 1 hudhurika. Salaini iwe baridi, msaidizi aelekeze ya ziada kwenye tundu la bushi, nawe ufute unga wa mfupa kwenye drili kila unapoitoa. Unga uliojaa ndani ya bushi huikwamisha drili, na drili iliyokwama huzungusha kielekezi. Mizunguko ifuate mfumo wako. Mingi huanzia karibu 800 kwa dakika na kushuka kadiri kipenyo kinavyoongezeka.

Mfupa ulioinama na tundu la jino lililong'olewa sasa hivi ni mtego. Drili hugonga mteremko, huteleza kuelekea upande wa shavu au wa midomo, na hukisukuma kielekezi. Sawazisha kwanza kwa drili ya kusawazisha ya mfumo, na uende polepole kwenye mm 2 za kwanza.

Hatua ya 10: Simama baada ya drili ya kwanza

Weka kipimo cha mwelekeo kwenye tundu na upige picha ndogo ya eksirei. Linganisha na mpango: umbali kutoka jino la jirani, mwelekeo, kina. Tundu la mm 2 unaweza kulirekebisha. La mm 4 huwezi.

Hatua ya 11: Kipandikizi chenyewe

Taya lenye vipandikizi vingi, weka viwili vya kwanza pande mbili tofauti na uache vibebeo vyake (vishikio vyenye kola vinavyobeba kipandikizi kupitia bushi) vimefungwa. Vinakuwa nguzo zinazoshikilia kielekezi kwa kazi iliyobaki. Lakini chunga mizunguko ya mwisho. Kola ya kibebeo ikigusa bushi, simama. Ukiendelea kukaza, kipandikizi hakishuki tena. Ama kinaivuta resini chini na kuinua upande wa pili, ama kinazunguka bure na kukwangua nyuzi zake kwenye mfupa. Nguvu ikizidi Ncm 35 kabla ya kola kufika, usilazimishe. Toa, panua tundu kwa drili ya mfupa mgumu, rudi.

Kikikataa, angalia hapa

*Hakishuki hadi mwisho.* Paka silikoni laini ndani, ketisha, toa. Resini inapoonekana wazi ndipo panapogusa. Punguza kidogo kwa bea, jaribu tena. Ukishapunguza sehemu tatu na bado, acha na uskani upya. Ukiendelea kupunguza, utabaki na kielekezi kinachokaa popote.

*Modeli sawa, mdomoni hapana.* Modeli na kielekezi vimetoka skani moja, hivyo kosa la skani limo kwenye vyote viwili na vitakubaliana daima. Kagua jino lililozibwa karibuni, au skani ya taya zima iliyojikunja.

*Kimekaa lakini nyuma kunazama.* Pini moja nyuma. Kama haiwezekani, tumia kielekezi kwa drili ya kwanza tu, piga eksirei, malizia kwa mkono.

*Pini inazunguka bure.* Mfupa laini au tundu limepanuka. Tumia ndefu zaidi kama mpango unaruhusu, au tundu lingine la pini. Pini isiyokaza usiihesabu.

*Kimepasuka.* Usikigundishe. Gundi ya dukani haina nafasi kwenye jeraha, na ufa uliounganishwa hauna vipimo vile vile. Toa cha akiba. Kama hakipo, fungua fizi uone mfupa na uendelee bila kielekezi, au shona na upange siku nyingine.

*Mgonjwa hafungui mdomo.* Bushi iliyo wazi upande wa shavu huruhusu drili kuingilia ubavuni. Lazima iombwe wakati wa mchoro. Kuikata bushi ya kawaida siku ya upasuaji kunaiacha drili bila ukuta upande ule ule unaouhitaji.